Pampu Chini ya Siti ya Mgonjwa

Gari lilizimika mahali ambapo hata mwizi aliyeliiba asingependa lizimike: katikati ya pori la miombo, Ugalla iko mbali nyuma, Mpanda iko mbali zaidi mbele, na kando ya barabara kuna kinyesi cha tembo kibichi. Danford, dereva, akazungusha ufunguo. Injini ikanguruma bila kushika. Akajaribu tena, akainamisha kichwa kusikiliza, kisha akauchomoa ufunguo.

Siti ya nyuma Minza alikuwa amepakata kichwa cha mumewe. Machibya aliumwa na kifutu alfajiri ile akifungua zizi la ng'ombe, na sasa mguu ulikuwa umevimba hadi gotini, ngozi imevutika, malengelenge meusi yameanza kujitokeza. Fizi zake zilitoa damu. Mganga wa zahanati alisema neno moja la maana: dawa ya sumu ya nyoka iko hospitali ya Mpanda, wahini. Wakichelewa, Machibya angekufa. Hilo Minza hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Alichohitaji kuelezwa ni kwa nini, kati ya magari yote, lililopatikana liwe la Danford.

Mwaka uliopita ng'ombe wa Machibya waliingia shamba la mahindi la Danford wakaacha mabua. Baraza la kijiji likakaa, Wasukuma upande huu, Wakonongo upande ule, watu wakapatanishwa kwa mdomo. Danford hakutukana. Alisimama, akakung'uta suruali, akasema, "Mimi namwachia Mungu." Kila aliyekulia nchi hii anajua kwamba anayetukana amemaliza hasira yake, anayemwachia Mungu ameiweka akiba.

"Kuna nini?" Minza aliuliza.

"Pampu ya mafuta. Inalia tangu juzi." Danford alishuka akafungua mlango wa nyuma. "Mama Lyamba, mzee ashuke. Pampu iko chini ya hiyo siti."

"Ashuke aende wapi na mguu huu?"

"Hapo kivulini. Siwezi kung'oa siti na yeye kailalia."

Wakamshusha, Machibya akiuma meno, wakamlaza chini ya mninga. Danford akautazama ukanda wa ngozi uliofungwa chini ya goti la mgonjwa.

"Huo ukanda ulegeze. Unaua mguu."

"Nikilegeza sumu inapanda."

"Ulegeze, mama."

Hakuulegeza. Tangu utoto wake alizoea kuona mguu wa aliyeumwa na nyoka ukifungwa, na leo mtu mwenye kinyongo anataka ufunguliwe. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hapa aliyeumwa hakuwa na nguvu ya kushtuka, basi mkewe akashtuka kwa niaba yake.

Ndorobo wakafika, wale mbung'o wa pori wenye kuuma hata juu ya nguo, wakatua kwenye malengelenge. Minza akaokota kinyesi kikavu cha tembo, akakitia kwenye kopo akakiwasha, kama wafanyavyo waendesha baiskeli wa huko ili moshi uwafukuze. Danford alikuwa ameshang'oa siti na kufungua mfuniko wa tanki. Aliposikia moshi aliruka nje, akalipiga kopo teke, akalifukia mchanga kwa miguu.

"Petroli iko wazi. Unataka tuungue wote?"

Sawa, petroli huwaka. Lakini Minza aliwatazama ndorobo wakirudi kwenye mguu wa mumewe na moyo wake ukajaa chuki.

Kisha Danford akavuta kutoka nyuma ya kiti chake kitu kilichoviringishwa kwenye fulana kuukuu. Ilikuwa pampu nyingine.

"Ulijua," Minza alisema.

"Nilijua inachoka. Haya mafuta ya kwenye chupa yana maji, yanaleta kutu. Hii ya mtumba nimeinunua Mpanda, sijapata nafasi ya kuifunga."

Anayesafiri na jeneza anajua kitu, Minza aliwaza. Wasiwasi ndiyo akili. Akakaa chini, akampepea mumewe kwa kanga, akihesabu mapigo ya nyundo ndani ya gari. Skrubu za pampu zilikuwa zimeliwa na kutu hadi hazina vichwa. Danford aligonga, akapumzika, akagonga. Jua likapanda. Machibya akatapika maji ya njano, akaomba maji mengine.

Chupa ya maji ilikuwa mbele, kwenye kiti cha dereva. Minza akaifuata kwa miguu mitupu, bila kishindo. Danford hakumwona, kichwa chake kilikuwa chini kwenye tundu la tanki, na alikuwa akizungumza peke yake kwa sauti ya chini, ya mtu aliyechoka.

"Huyu mzee hafiki Mpanda. Namalizana naye hapa hapa."

Minza aliganda, chupa mkononi. Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya sokoni na ya zahanati, lakini maneno yale aliyaelewa yote. Na mzee pale alikuwa mmoja tu, amelala chini ya mninga. Akapeleka mkono chini ya kiti, akachomoa panga la Danford, akarudi nyumanyuma.

"Baba Lyamba, simama."

"Gari limepona?"

"Simama tu. Tunaondoka."

Walipokuwa wakija aliona moshi upande wa mto, akadhani ni kambi ya warina asali. Kwenye kambi kungekuwa na pikipiki. Akaupitisha mkono wa mumewe shingoni, wakaingia porini, Machibya akirukaruka kwa mguu mmoja na uzito wake wote ukiwa begani kwa mkewe. Miiba ilimchana. Matiti yalimjaa yakaanza kuuma, kwa kuwa Lyamba, mtoto wao wa kunyonya, alibaki kwa bibi yake Ugalla. Gauni likalowa kifuani. Kila baada ya miti michache Machibya alianguka, na kila akianguka kumwinua kulikuwa kugumu zaidi.

Walipofika ukingo wa korongo, Minza aliona alichokifuata. Hapakuwa na kambi. Palikuwa na nyasi zilizoungua, nyeusi, zikitoa moshi mwembamba ambao haukuwa na mtu wala chai wala pikipiki. Na chini korongoni, kati yao na hizo nyasi, tembo jike alikuwa akichimba mchanga kutafuta maji, ndama wake akimsubiri.

Wakakaa. Tembo akatanua masikio, akainua mkonga kuelekea kwao. Panga alilolishika lilimfanya ajionee huruma. Angemkata nini mnyama yule, kucha?

"Niache," Machibya alinong'ona. "Nenda ukamnyonyeshe mtoto."

"Nyamaza."

Akampa maji ya mwisho. Mengine yalimwagikia kidevuni, yamechanganyika na damu. Hapo ndipo alipojua kwamba ameshindwa: mbele hawezi kwenda, na nyuma yuko yule mtu.

Kisha injini ikasikika. Tembo akageuka, akamsukuma ndama kwa mkonga, wakapotelea vichakani ng'ambo. Gari lilikuja polepole barabarani, likipiga honi, likasimama pale barabara inapokaribia korongo, si mbali na hapo mume na mke walipojificha. Danford akashuka. Mkononi alishika kitu kizito. Minza akakaza mkono kwenye panga.

"Mama Lyamba! Mzee amekubali! Njooni twende!"

Minza akamtazama mzee aliyempakata. Hakuwa amekubali chochote. Kupumua kwenyewe kulikuwa kwa taabu. Danford akageuka huku na huko, akainua alichokishika juu, na jua likakimulika: pampu kuukuu, nyekundu kwa kutu, imeliwa upande mzima.

"Huyu hapa aliyetuchelewesha. Nimemtoa."

Aibu ilimpanda Minza. Mzee asiyefika Mpanda alikuwa pampu. Na bado hakutoka mafichoni. Neno moja lilikuwa limeeleweka, lakini mahindi yalikuwa mahindi, na mtu anaweza kumwita mgonjwa na pampu jina moja akawa bado ana kisasi. Alisikiliza pumzi ya mumewe. Ikaenda, ikakaa, ikachelewa kurudi.

Akasimama.

Danford alikuja mbio. Aliliona panga lake, akaona jinsi Minza alivyolishika. Akamgeuzia mgonjwa mgongo, akachuchumaa, akambeba.

Ndani ya gari Minza aliufungua ukanda yeye mwenyewe.

"Nilikusikia ukisema utammaliza mzee," alisema, wakiwa wameshika mwendo.

Danford alibadilisha gia. Macho yake yalikuwa mekundu kwa petroli.

"Kila chombo kibovu mimi nakiita mzee," alisema. "Lakini nisikudanganye. Asubuhi mliponigongea mlango, nilikaa kwanza. Nilikumbuka mahindi."

"Nilijua," Minza alisema. Uchungu ulimchoma, lakini ule wasiwasi uliomkaba tangu asubuhi ukalegea, kwa sababu angalau sasa kinyongo kilikuwa kimesemwa.

Mpanda waliingia jua likianza kushuka. Machibya akapokelewa kwenye machela, mlango ukafungwa. Muuguzi alipotoka tena alikuwa na glavu zenye damu.

"Dawa tumempa, na moyo unakwenda. Mguu tutauangalia. Ila amepoteza damu nyingi, inabidi aongezewe. Ndugu wa Machibya wa kutoa damu ni nani?"

Minza akasimama. Muuguzi akatazama gauni lililolowa kifuani.

"Wewe unanyonyesha, kaa. Mwingine?"

Danford alikuwa mlangoni, funguo mkononi, mguu mmoja nje.

"Mimi dereva tu," alisema.

"Ni shemeji yangu," Minza alisema.

Muuguzi akawatazama, huyu na lafudhi yake ya Kisukuma, yule na grisi hadi viwikoni. Akamwashiria Danford aingie. Danford alisimama pale pale, akaiangalia mikono yake, kisha akazirudisha funguo mfukoni.

"Nikanawe wapi?" aliuliza.