Nilimtaja Shitanda

Mtoto wa kilo tisa. Kompyuta ikasema apewe vijiko viwili vya dawa ya malaria.

Nikafuta. Nikaandika tena kilo tisa.

Vijiko viwili…

Ijumaa asubuhi, nilipoijaribu, ilisema kimoja. Na disketi ya programu hiyo ilishapelekwa kliniki ya Usenge Jumamosi. Leo ni Jumatatu, kliniki imeshafunguliwa kwa saa nzima.

Ilikuwa 1999, Kisumu, ofisi ya ghorofani. Tulikuwa watatu: Mzee Obiero mwenye ofisi, Shitanda, na mimi Metrine, niliyezungumza kwa kunong'ona. Programu niliiandika mimi kwa Java, lugha ya kompyuta. Shitanda aliitaka sana kazi hiyo, akanyimwa.

Nikamwonyesha Mzee, akapiga simu Usenge. Sista Agneta akajibu.

"Sista, mmeshatumia ile programu?"

"Kwa watoto watatu, Mzee. Kwani?"

"Warudishe wote. Dawa imwage."

"Wawili wako hapa kwa benchi. Wa tatu, mamake ameshaondoka na chupa."

Laini ikakatika.

Mzee akageuka. "Nani amegusa hii kazi?"

Sikuwa nimebadilisha hata herufi moja. Na mimi, nisiyeweza kumkatalia mtu kitu, nikasema:

"Ni Shitanda. Ana kinyongo."

Shitanda akaja kwenye kompyuta yangu. Alivuta kiti, akaangalia.

Niwaeleze kidogo. Programu haisimami peke yake. Yangu ilitegemea maktaba, yaani faili la kazi iliyoandikwa na watu wengine, la kusoma uzito. Maktaba zote za ofisi zilikaa folda moja, kila mtu akichota humo.

"Maktaba ya uzito si ile," Shitanda akasema. "Hii ni toleo jipya, linahesabu ratili, si kilo, na kilo moja ni zaidi ya ratili mbili. Limewekwa juu ya la zamani, jina lile lile."

Akafungua kidirisha kinachoonyesha nani ameliweka. Akasoma. Akakifunga.

"Ni mimi, Mzee."

"Toka."

Akachukua koti. Mlangoni akaniambia polepole, "Metrine, kila kazi ipe folda yake. Na uandike ni toleo gani. Sawa?"

Nilihisi nimeshinda. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyohisi.

Saa nane simu ikalia. Mtoto amepatikana. Alishakunywa dozi moja, anatapika, amelegea.

"Tuombe," Sista akasema.

Sikuweza kukaa. Nikafungua kile kidirisha, nione alivyofanya.

Jina lililoandikwa pale lilikuwa langu. Ijumaa, saa tisa na dakika arobaini.

Ndipo nikakumbuka…

Perez, rafiki yangu wa chuo, alikuja Ijumaa hiyo machozi yakimlengalenga. Programu ya mizani ya wanunuzi wa samaki ilikuwa imemshinda na kazi ilikuwa inamponyoka. Alikuwa na toleo jipya la maktaba ya uzito kwenye disketi. Nikalinakili kwenye folda yetu nimjaribie. Kompyuta ikauliza: faili lipo, nibadilishe? Nikabonyeza ndiyo huku namtafutia kitambaa. Saa kumi na moja nikaunda disketi ya Usenge kutoka folda hiyo hiyo.

Nikaenda mezani kwa Mzee.

"Ni mimi."

"Shitanda alijua?"

"Alisoma jina langu."

Mzee akavua miwani. "Nyathina, mwanangu, nimemfukuza mtu kwa mdomo wako."

Mtoto alipona Alhamisi. Shitanda nilimpata Nyalenda, kwa dadake. Nikamwomba arudi.

"Kwa nini ulijitwika?" nikauliza.

"Mzee alikuwa amewaka. Nilijua ukweli ungeuona mwenyewe, ukishatulia."

"Basi rudi."

"Hapana. Siwezi kukaa meza moja na mtu anayenitaja kabla hajaangalia."

Hakurudi.

Wapendwa, tangu siku hiyo kila kazi yangu ina folda yake, na kila maktaba imeandikwa toleo lake. Hilo lilikuwa rahisi kujifunza. Gumu ni hili: huruma yangu kwa Perez ilikaribia kuua mtoto, na aibu yangu ya kusema kwa sauti haikunizuia kumchoma asiye na hatia. Kama unamwonea mtu shaka leo, anza na mikono yako.