Folda ya Gerda

Katika mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, vumbi huamka kabla ya watu. Kila asubuhi Kabedi alifagia, akafuta meza, akafuta kompyuta mpakato ya mume wake. Kabla hajamaliza, vumbi lilikuwa limesharudi. Wachimbaji wa kobalti walikuwa wamechimba hadi nyuma ya jiko la jirani, na nyumba mbili zilikuwa zimedidimia. Sasa tangazo lilikuwa limetoka. Sehemu ile ya mtaa ingefungwa, na familia zote zilitakiwa kuhama.

Kuhama halikuwa jambo geni kwa Kabedi. Mwaka 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa na wenyeji katika mkoa wa Katanga, familia yake ililala kwenye stesheni ya Kolwezi ikingoja gari la moshi. Hapo hapo stesheni, mama yake, Mama Tshiela, alimzaa mtoto wake wa mwisho, Ntambwe. Miaka ikapita. Kabedi na mama yake walirudi Kolwezi, lakini Ntambwe alibaki Mwene-Ditu, huko Kasai, akawa fundi wa baiskeli. Kila alipoulizwa alizaliwa wapi, alijibu kwa uchungu, "Mi mutoto ya kufukuzwa, basi."

Jambo hilo lilimkera mama yake. Kwa hiyo mwaka uliopita Mama Tshiela alikaa mbele ya kompyuta, Louis, mume wa Kabedi, akawasha kinasa sauti, na mama akasimulia yote ya stesheni. Alikataa katakata yatumwe kwa simu. Habari za kuzaliwa kwa mtu, alisema, zinasemwa mtu huyo akiwa amekaa mbele yako. Ntambwe atazisikia siku atakayokuja.

Haukupita muda, Mama Tshiela akapata kiharusi. Mkono wa kulia ulipooza na maneno yakakwama kinywani. Na sasa Ntambwe alikuwa njiani, anakuja kuwasaidia kuhama. Angefika Jumamosi.

Jumatano, kompyuta ikagoma.

Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Mashine ilionyesha kioo cha bluu na maandishi, ikazimika. Louis aliishi kwa mashine hiyo. Aliwapigia watu chapa barua zao na ratiba za harusi. Aliibeba mbio mpaka kwa fundi sokoni. Alirudi mchana akiwa na uso wa furaha.

"Fundi anaweka Windows mupya," alisema. "Inatembea mbio sana!"

Ni kweli, ilikwenda mbio. Lakini Louis alipoanza kuandika barua ya mteja, kila alipobonyeza "a" ilitoka "q". Herufi zilikuwa ndogo kama mchwa. Halafu Kabedi akachungulia kioo, akaona kwamba kilikuwa kitupu. Picha za ubatizo hazikuwepo. Barua za wateja hazikuwepo.

"Tata Annie," alisema. Ndivyo alivyomwita mume wake, yaani Baba Annie, kwa jina la mtoto wao wa kwanza. "Sauti ya mama iko wapi?"

Louis alifungua huku, akafungua kule. Kila mahali patupu.

"Tata Annie, minakuuliza. Sauti ya mama iko wapi?"

"Labda ilifutika," Louis alisema kwa sauti ya chini.

Kabedi alikaa chini sakafuni. Roho ilimuuma. Nyumba wangeijenga nyingine, hata ya mabati. Lakini mama yake hangeweza kusimulia tena. Ntambwe angesafiri njia yote ile, akae mbele ya mama asiyeweza kusema, kisha arudi kwao na uchungu wake ule ule.

Kwa aibu Louis alitafuta la kufanya. Mashine ilikuwa inamwambia kwamba nafasi imebaki ndogo.

"Naona dossier moja ya mukubwa," alisema, akionyesha folda kwa kidole. "Jina yake Windows.old. Ni bitu bya zamani tu. Niifute, tupate nafasi?"

"Usifute kitu!" Kabedi aliruka juu. "Hata kimoja! Toa mukono pale. Ngoja niite Mama Huguette."

Huguette alikuwa jirani yao. Alifundisha kompyuta katika shule ya sekondari, na alipenda kuulizwa maswali kuliko kupewa soda. Alikuja huku mikono ikinukia sombe, mboga ya majani ya muhogo.

"Kisha kutoka ku fundi, mumeweka nini ndani ya machine?" aliuliza kabla hata ya kukaa. "Programu? Filamu?"

"Hapana kitu," Louis alijibu. "Nilitaka tu kufuta kidogo."

"Aksanti Mungu haukufuta. Sikia, Tata Louis. Kuweka Windows mupya kuko na njia mbili. Fundi anaweza kufuta disque yote na kuanza zéro. Ao anaweka ya mupya, na ile ya zamani inasukumwa pembeni, mu dossier ya Windows.old. We ulikuwa unataka kutupa ile dossier yenyewe."

Louis alijikuna kichwa. Kabedi alimtazama kwa jicho la mke.

"Na angefuta disque yote?" Kabedi aliuliza.

"Hapo ingekuwa nguvu, kazi ngumu. Kama iko vile, unazima machine na hauweke kitu kingine. Kila kitu ya mupya inaweza kukaa pa nafasi ya ile ya zamani na kuiharibu kabisa. Unatafuta mutu mwenye programu ya kurudisha bitu bilifutika. Siku ingine anapata, siku ingine anakosa. Shiye tuko na bahati. Tuangalie."

Huguette alifungua disque C. Akafungua Windows.old. Ndani yake akafungua folda ya watumiaji, inayoitwa "Utilisateurs" au "Users". Majina machache yakatokea: "Default", "Public", na "Gerda".

Louis alishusha pumzi. "Si unaona? Jina yangu haiko. Yote iliisha."

Huguette hakugusa kitu kwanza. "Tata Louis, mbele ya kuharibika, asubuhi wakati unawasha machine, ilikuwa inakuita jina gani?"

Kabedi akapasuka kicheko, hata machozi yakamtoka.

"Gerda!" alisema. "Ni ye! Ni bibi yake ya Ulaya!"

Na kweli. Louis aliinunua kompyuta ile Lubumbashi, ikiwa imeshatumika huko Ulaya. Mwenye mali wa kwanza alikuwa mwanamke anayeitwa Gerda, na hakuna aliyebadilisha jina lake. Kila asubuhi mashine ilimkaribisha Gerda, na Louis akaitika na kuanza kazi. Kabedi alimtania kila siku kuhusu mke mwenza huyo asiyefua wala kupika. Lakini hakuna kati yao aliyefikiri kwamba vitu vyao vyote vilikaa nyumbani kwa Gerda.

"Batu bengi ku Kolwezi beko vile," Huguette alisema. "Banatafuta jina yabo, lakini machine ilikuwa inabajua kwa jina ingine."

Alibonyeza "Gerda". Mashine ilisema hana ruhusa. Kabedi alishtuka, lakini Huguette alibonyeza kitufe cha "Continuer", yaani endelea, akangoja bila haraka. Folda ikafunguka. Akaingia "Bureau", yaani uso wa kompyuta, pale ambapo Louis alipenda kurundika kila kitu. Picha za ubatizo zilikuwepo. Barua zilikuwepo. Na chini kabisa palikuwa na faili moja: "Mama gare", yaani mama wa stesheni.

Kabedi alishika kifua.

"Ivute haraka, uiweke kwetu!" Louis alihimiza.

"Pole pole. Hatuhamishe, tunanakili. Copier, hapana couper. Kama courant ya umeme inakatika katikati, ile ya kwanza inabakia. Na lazima tufanye leo. Ile Windows.old, machine yenyewe inaweza kuifuta kisha siku kidogo."

Louis akatoa flashi. Huguette alinakili folda za Gerda kwenye flashi kwanza, kisha akazinakili kwenye folda mpya za Louis: nyaraka kwenye nyaraka, picha kwenye picha.

"Sasa tujaribu," alisema. "Kuona jina ya faili haitoshe. Lazima uifungue."

Alifungua "Mama gare". Kikatoka kikohozi, kisha sauti nene ya Mama Tshiela ikiita, "Ntambwe..." Kabedi aliizima mara moja, kwa sababu maneno hayakuwa yake. Kwenye kona, juu ya mkeka, Mama Tshiela aliinua kichwa.

Kilichobaki kilikuwa chepesi. Huguette alifungua mipangilio, "Paramètres". Kwenye lugha alichagua kibodi ya Kifaransa, na "a" ikarudi kuwa "a". Alikuza herufi kwa ajili ya macho ya Louis. Alimweleza pia kwamba programu hazirudi kwa kunakiliwa, na zile alizozihitaji angeziweka upya moja moja.

"Na flash hii, mutaweka wapi?" aliuliza.

"Hapa mu tiroir," Louis alijibu, akivuta droo ya meza.

"Tata Louis! Nyumba ya Kasulo inaweza kuingia mu shimo, machine na flash pamoja. Nakala moja ibakie hapa. Ingine ilale ku nyumba ya mutu mwingine."

Kesho yake Louis alinunua flashi ya pili; nakala moja ikasafiri kwenda mji wa Lubudi, kwa Simone, dada yake Louis, na nyingine Kabedi akaitia kwenye kibeti chake. Kabedi alimwonya Simone asithubutu kuifungua.

Jumamosi Ntambwe alifika, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alimkumbatia mama yake, akamsemesha, akangoja jibu lisilokuja. Uso ukamshuka. Kabedi akamkalisha mbele ya mama, akawasha kompyuta. Mama Tshiela alikuwa amesimulia kwa Kiswahili cha Kolwezi, ili mtoto asikie lugha ya mahali alipozaliwa.

"Ntambwe," sauti ilisema, "nasikia unajiita mutoto ya kufukuzwa. Hapana. Ile siku mvua ilikuwa inanyesha. Mi nilikuwa chini, pa béton ya gare. Mama moja wa hapa Katanga, jina yake Kisimba, alitoka kwake na maji ya moto. Batu balimukataza. Alikuya vile vile. Alikushika kwa mikono yake, akatoa kitenge yake mwilini, akakufunga ndani. Ye alibakia na baridi mpaka mvua ikaisha. Sikia, mwanangu. Baba yako alifukuzwa. Mi nilifukuzwa. Weye ulipokelewa."

Ntambwe alifunika uso kwa mikono yake ya fundi. Mama Tshiela alinyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, akakivuta kichwa cha mwanawe mpaka mapajani.

"Irudilie, yaya," Ntambwe alimwambia dada yake kutoka huko huko. "Irudilie tena."

Waliirudia mpaka betri ikaisha. Kabla ya kulala, Ntambwe alinunua flashi yake mwenyewe kwenye duka la jirani. Kabedi ndiye aliyemnakilia, bila kumwita Huguette. Alinakili, hakuhamisha, kisha akaifungua kuhakikisha.

Siku ya kuhama, lori lilijaa vyungu, magodoro na mabati. Mama Tshiela alikaa mbele karibu na dereva. Kwenye shimo la kwanza la barabara kamba ilikatika, na kompyuta ikaanguka chini, kioo vipande vipande. Louis aliruka akashika kichwa, akalia kama aliyefiwa.

Kabedi hakushuka. Sauti ya mama yake ilikuwa Lubudi, ilikuwa kwenye mfuko wa Ntambwe, na ilikuwa hapo kwenye kibeti chake mwenyewe.

"Panda, Tata Annie," alisema akicheka. "Tunaenda."