Sentensi Sitini na Mbili

Jumatatu, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, malalamiko yalifika mezani kwa Msimamizi wa jukwaa la blogu. Mistari mitatu, picha tisa. Mlalamikaji alidai kwamba Mama Sindano, mwandishi wa ushonaji anayesomwa kuliko wote jukwaani, anawafunga watu macho: ameweka viungo vya kununulia mikasi, nyuzi na cherehani, kila msomaji akinunua yeye analipwa, na hasemi.

Kuficha kiungo cha malipo lilikuwa kosa kubwa kuliko yote pale. Aliyetukana alionywa kwanza, hata mwizi wa picha alionywa kwanza. Aliyeficha kiungo alifungiwa blogu saa kumi jioni ya siku hiyohiyo, na haikufunguliwa tena. Kanuni hiyo aliiandika Msimamizi mwenyewe, kwa madaha yote, na chini yake akaweka mfano wa uungwana aliouchukua kwenye blogu ya Mama Sindano: "Ukinunua kupitia hapa, napata chochote kidogo."

Akafungua blogu. Machapisho sitini na matatu, kazi ya miaka minane. Sentensi ile haikuwemo.

Akafungua historia ya mabadiliko, na hapo ndipo akili ilipoanza kumzunguka. Sentensi ilikuwepo hadi wiki iliyopita. Ilifutwa Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, kwa kompyuta ya nyumbani kwa Mama Sindano. Mfutaji alianza na chapisho la zamani kabisa akaja mbele, na kila moja alikaa nalo kama dakika saba kabla ya kufuta. Viungo vyenyewe hakuvigusa. Na chapisho moja, la miwani ya kusomea, aliliacha lilivyo, na maneno yake juu: "Tamko: chapisho hili lina kiungo shirika."

"Sielewi," Msimamizi aliuambia ukuta.

Mwizi angebadilisha viungo vimlipe yeye. Adui angefuta blogu nzima, biashara ikaisha. Mama Sindano naye afute kitu anachosifiwa nacho ili apate nini? Alichukua mkoba akatoka.

Saa nne na nusu alikuwa kwenye karakana ya mlalamikaji, fundi wa cherehani ambaye naye ana blogu.

"Ndiyo, nimemshtaki mimi," alisema Fundi bila kuinua kichwa. "Kwa hiyo?"

"Mlikuwa na ugomvi?"

"Alifuta viungo vyangu vyote kwenye maoni ya wasomaji wake. Eti si adabu kwenda kuanika bidhaa zako uani kwa mwenzio."

"Ilikuwa adabu?"

Fundi alijikuna sikio. "Haikuwa."

"Umeandika kwenye blogu yako kwamba Alhamisi ulikuwa nyumbani kwao ukitengeneza cherehani."

"Nilikuwa chini ya cherehani, grisi mpaka kwenye viwiko. Ningeigusa kompyuta yao mngeniona kwa alama za vidole. Na Jumanne je? Jumatano je? Dada, mimi ningetaka kumharibia ningegeuza viungo viwe vyangu, angalau nipate nauli."

Msimamizi aliondoka amechanganyikiwa kuliko alivyokuja, maana mtu yule alikuwa anasema kweli na kweli yake haikusaidia kitu.

Saa sita kamili alibisha hodi. Mama Sindano aliishi kwa kaka yake, mwalimu mkuu mstaafu. Chumba cha kushonea kilikuwa nyuma. Kompyuta ilikaa sebuleni kwenye meza ya chakula, imewashwa tangu asubuhi, neno la siri limehifadhiwa humohumo. Mwalimu alikuwa kwenye kochi na gazeti, amevaa miwani mpya yenye fremu nyeusi. Alimkaribisha mgeni kwa heshima zote, kisha akarudi kwenye gazeti lake.

Mama Sindano alipoelezwa, mkasi ulimtoka mkononi.

"Saa kumi? Saa kumi ya leo?"

"Ya leo, mama. Nani anaishika kompyuta yako?"

"Wote. Sijawahi kumficha mtu kitu humu ndani." Akaanza kulia, kisha akakasirika kwamba analia. "Miaka minane nawaambia wasomaji ukweli. Leo niondoke kwa jina la mwongo?"

Wifi yake aliingia wakati huohuo kutoka kibandani kwake, anakouza mafuta ya nywele na manukato. Hakungoja kuulizwa.

"Mimi na wifi yangu hatupikiki chungu kimoja, majirani wote wanajua. Lakini mimi sijafuta. Tangu saa moja nakuwa kibandani, waulize wateja."

"Unajua sentensi hiyo ni ya nini?"

"Nisijue nina wazimu? Na mimi nauza kwa viungo. Ukiitoa unafungiwa. Na akishafungiwa atashinda wapi mchana kutwa? Si kibandani kwangu, na mimi?"

Msimamizi alikaa mbele ya kompyuta, akashika tama. Saa nane ikapita. Saa tisa ikagonga, na bado hakuwa na jina. Alikuwa na hasira na kanuni yake mwenyewe, na aliona aibu kuwa na hasira hiyo. Akalisoma tena chapisho la miwani, mara ya sita. *Kiungo shirika*. Ni maneno ya wenye kazi. Maana yake ni kiungo kinachomlipa aliyekiweka, basi. Fundi anayajua. Wifi anayajua. Yeyote kati yao angeyafuta pamoja na yale mengine.

Aliyeyaacha hakuyaelewa. Na aliyeviacha viungo hakujua vinafanya kazi gani. Na aliyekaa dakika saba kwa kila chapisho alisoma kila mstari toka juu hadi chini, kama anasahihisha daftari.

Saa tisa na nusu aliwaita wote sebuleni.

"Mwalimu," alisema, akiigeuza kompyuta, "haya maneno ya bluu yaliyopigiwa mstari ni ya nini?"

Mwalimu aliinama, akarekebisha miwani. "Mapambo. Anapenda mapambo huyu, tangu utotoni."

Wifi alifunika mdomo kwa kanga. Mama Sindano alimtazama kaka yake kama hamjui.

"Ni wewe uliyefuta," alisema Msimamizi.

"Ni mimi." Hakutetereka hata kidogo. "Na zingekuwa mia ningefuta mia. Jumatatu iliyopita, kwenye mkutano wa walimu wastaafu, mwenzangu mmoja alisimama na simu yake akasoma kwa sauti: napata chochote kidogo. Akaniuliza mbele ya watu, kwani dada yako hamumlishi, mpaka akaombe kwa walimwengu? Wakacheka. Nimefundisha miaka thelathini na nne, sijawahi kuchekwa vile."

"Kaka, ungeniuliza!"

"Nilikuwa nakusitiri."

"Ulikuwa unanivua nguo!"

Msimamizi aliangalia saa. Saa kumi kasoro dakika kumi na nane. "Kuzirudisha tu hakutoshi, wasomaji wataamini mwandishi ndiye aliyeficha. Kuna njia moja. Aliyefuta aandike mwenyewe, kwa jina lake, juu kabisa ya blogu, alichofanya na kwa nini. Kabla ya saa kumi."

"Wenzangu watasoma," alisema Mwalimu.

"Watasoma."

Mama Sindano hakumwomba. Alishalala na njaa mara nyingi badala ya kumwomba mtu kitu, na kaka yake alijua. Zikabaki dakika kumi na tano. Kumi na tatu. Ndipo wifi alipoutupa mkoba wake kochini.

"Mwambie ya miwani, wifi, au nimwambie mimi?"

"Miwani gani?" aliuliza Mwalimu. "Hii ni zawadi ya mteja wake."

Mama Sindano alitazama sakafu. "Hakuna mteja, kaka. Niliinunua kwa pesa ya viungo. Ndiyo maana chapisho lile nililiandika kwa maneno ya wenye kazi. Sikutaka usome ujue."

Mwalimu aliivua miwani. Bila miwani hakuona hata kioo cha kompyuta, kwa hiyo ilimbidi aivae tena, na wote wakamwona akiivaa. Kisha akavuta kiti, akaanza kuchapa kwa vidole viwili.

Saa kumi kasoro dakika tatu, Msimamizi alisoma juu ya bega lake: *Mimi ni kaka wa mwandishi. Nilifuta sentensi sitini na mbili bila ruhusa yake kwa sababu nilizionea haya. Viungo vilivyomo humu vinamlipa, na yeye hakuwahi kuficha. Miwani ninayoandikia haya imetokana na hicho chochote kidogo. Nilizifuta nikiwa nimeivaa.*

Chini yake akaweka jina lake kamili, na mbele ya jina akaandika Mwalimu Mkuu Mstaafu. Akainua kichwa.

"Nibonyeze wapi?" aliuliza.

Dada yake aliinama, akamwonyesha.