Kahawa Aliyomeza Babu

“Joviness, huwezi kuolewa na kaka yako.”

Baba alisema hivyo huku akifuta matope kwenye panga, sauti yake ya kawaida kabisa. Muhangi alikuwa ameketi mbele yake, amekuja kujitambulisha. Alitabasamu. Alidhani ni utani.

“Mzee, kwetu ni Kyerwa, sisi wafugaji. Ninyi ni wakulima wa hapa Kituntu. Undugu umetokea wapi?”

“Umesema babu yako anaitwa nani?”

“Nuwamanya.”

“Basi. Nuwamanya na marehemu baba yangu walikula omukago. Walichanjana, wakapaka damu kwenye punje za kahawa, kila mmoja akameza ya mwenzake. Kuanzia hapo watoto wao ni ndugu, na wajukuu vilevile. Ndugu hawaoani.”

Tabasamu la Muhangi likaisha polepole. Mimi nikatazama migomba.

Muhangi alikuwa mtafiti. Alikusanya mate ya watu kwenye vichupa, akayapeleka maabara, ili ajue babu zetu walitoka wapi na walipitia njia gani hadi kufika Karagwe. Wazee wengi Kiswahili kinawapa shida, kwa hiyo alinichukua niwe mkalimani wake wa Kinyambo. Tulizunguka vijiji vingi. Asubuhi ukungu ulikuwa unalala bondeni kama maziwa kwenye bakuli, na yeye alikuwa anasimama juu ya kilima cha Kiruruma, anaunyooshea kidole.

“Walipita pale, Joviness. Wengine na mbegu, wengine na ng'ombe. Wakakutana.”

“Wakapigana?”

“Kidogo. Halafu wakapendana. Mate hayadanganyi.”

“Na migomba waliikuta?”

“Migomba nayo ni wageni. Ilitoka mbali, ng'ambo ya bahari.”

“Usimwambie baba yangu. Atakufukuza.”

Alikuwa anacheka bila sauti, mabega tu yanatikisika. Nilimpendea hapo.

Siku aliyokataliwa alinipigia simu kutoka kwao, Rubwera.

“Mpenzi, usilie. Nitapima mate yangu na yako. Baba yako ataona kwamba hatuna undugu wowote.”

“Baba hasomi vipimo, Muhangi.”

“Nitamweleza.”

Majibu yalipotoka, akaja nayo amevaa shati jeupe, uso unang'aa.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba.”

“Nimepima. Mimi na Joviness hatuna kabisa undugu wa karibu.”

“Na ile kahawa umeipima?”

“Kahawa haipimwi, mzee.”

“Basi hujapima undugu. Umepima mate.”

Habari hiyo ilitembea haraka kuliko bodaboda. Muhangi alipokwenda tena Kiruruma, watu walifunga midomo. Jioni akaniandikia:

“Wamekataa kutoa mate. Wanasema napima undugu wa watu ili nivunje miko nioe. Chuo kimenitaka nirudi. Labda nirudi kweli.”

Nikamjibu: “Ukirudi, mimi je?”

Nikampigia.

“Muhangi, babu yako si yupo hai?”

“Yupo. Nikamwambie nini? Autengue omukago?”

“Kila siku unawauliza wazee wa watu walitoka wapi. Umewahi kumuuliza wa kwako aliila ile kahawa kwa nini?”

Nikasikia ng'ombe akilia upande wake.

“Sijawahi,” alisema.

Jumapili tulipotoka misani, tuliikuta pikipiki uani. Mzee Nuwamanya alikuwa ameshuka, amejifunga blanketi, anamgombeza dereva kwa kukimbiza. Muhangi alikuwa amemshika mkono. Baba akavua kofia.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, Cleophace. Umenenepa. Ulikuwa mwembamba kama fito.”

Tukaingia ndani. Baba hakuzunguka.

“Umekuja kuutengua?”

“Siwezi. Na ningeweza nisingefanya. Unajua kilichotokea?”

“Najua mlikula omukago.”

“Ng'ombe wangu walikwisha kwa ugonjwa. Nikatembea na watoto, kila mji wananiona mzururaji. Baba yako akanifungulia mlango. Watoto wangu wakala ndizi zake mpaka wakapata nguvu. Ndipo tukachanjana, ili watoto wetu wasikose pa kubisha hodi.”

“Ndiyo maana ni watoto wa nyumba moja, baba. Watoto wa nyumba moja hawaoani.”

“Cleophace! Kahawa ile tuliila ili tusifungiane mlango. Leo unaitumia kumfungia mjukuu wangu.”

Baba aliinamisha kichwa. Muhangi alipiga magoti.

“Mzee, nilikosea kukuletea majibu ya maabara. Sikuja kuufuta undugu. Naomba niongezewe mwingine juu yake.”

“Mila inasemaje kwa jambo kama hili?” baba aliuliza.

“Haisemi kitu,” Nuwamanya alijibu. “Walioitunga walikuwa watu wenye njaa na hofu kama sisi. Leta kahawa.”

Baba akaleta. Tukatafuna sote wanne, bila damu.

“Na hii inaitwaje?” baba aliuliza.

“Sijui. Wakizaliwa watoto wataipa jina.”

Baba akacheka mpaka akapaliwa. Tukafunga ndoa baada ya mavuno. Watu wa Kiruruma wakarudi na mate yao, na mama mmoja, Evangelina, akamtania: “Mtafiti, chukua, lakini binti zangu usiwapime!”

Tuliishi vizuri, hapo hapo Kituntu. Usiku Muhangi alikuwa ananisimulia safari za watu wa kale mpaka nalala, na ndotoni nilikuwa natembea nao, naye ananishika mkono.

Homa ilimchukua kabla hatujapata mtoto. Ndugu zake walikuja na gari kumpeleka Kyerwa akazikwe. Jeneza lilikuwa tayari mlangoni baba aliposimama mbele yao.

“Najua mkwe huzikwa kwao,” alisema. “Lakini huyu alikuwa ndugu kabla ya kuwa mkwe. Hapa pia ni kwao. Niachieni mwanangu.”

Wote wakamgeukia Mzee Nuwamanya, aliyekuwa ameketi kando na fimbo yake. Alinitazama mimi, akatazama kibanja chetu, migomba imetulia kwenye ukungu.

“Chimbeni,” alisema.