Alhamisi kwa Mwiza

Siku Pulchérie alipokutana na Kimenyi, Petite Barrière, kivuko cha mpakani, ilikuwa imefurika watu. Alikuwa anatoka Goma kuingia Rwanda, kichwani bunda la vitenge lililofungwa plastiki, na mkaguzi wa mazingira mwenye shati lililonyooka kwa pasi akamsimamisha.

"Kitendawili, mama."

"Tega, chef. Lakini haraka, jua iko mukali."

"Haina uzito, haiozi, na Rwanda haipiti."

"Sashe ya plastiki!" Pulchérie akacheka, huku plastiki yake ikienda kapuni.

Wakapendana miezi sita. Kila jioni simu: "Umekula, chérie?" "Nimekula, sha, ila sijashiba sauti yako." Kasoro ilikuwa moja. Pulchérie alikuwa na wivu, ule wivu wa kunusa kola ya shati.

Jumanne moja akaona kwenye simu ya Kimenyi: Alhamisi, saa mbili asubuhi, kwa Mwiza.

"Mwiza ni nani?"

"Kazi."

"Kazi iko na jina la mwanamuke?"

"Pulché, hii siwezi kukuambia."

Pulchérie alimjua Mwiza: mwenye nyumba ya kufulia nguo kule Rubona, kando ya Ziwa Kivu, mrembo, visigino virefu hata kwenye matope. Namba yake ya simu iliandikwa ubavuni mwa gari lake. Pulchérie akapiga.

"Alhamisi saa mbili, Kimenyi wangu akikuja kwako, ujue mi najua!"

"Kimenyi gani?"

"Usijifanye. Wa mazingira!"

Kisha sauti tamu: "Asante sana, dada yangu."

Ile asante ilimkata maini.

Alhamisi akavaa kitenge kilichombana kiuno, akajipulizia marashi, akashuka Rubona kufumania. Nyuma ya nyumba ya Mwiza alimkuta Kimenyi peke yake, amechuchumaa na viatu vya mpira, chupa ya kupimia maji mkononi. Bomba lililokuwa likitema povu la sabuni ndani ya Kivu, mpaka wavuvi wakalalamika, lilikuwa kavu. Mashine zote zimezimwa.

"Mutu amemuambia Mwiza tunakuja," alisema Kimenyi. "Sheria inataka tumukute bila habari. Bila maji machafu, kesi hakuna."

Pulchérie akasogea karibu. "Ni mimi. Nilimupigia. Nilizania ni mupenzi wako."

Kimenyi akakaa juu ya jiwe. Hakufoka, angefoka ingekuwa nafuu. "Bosi atasema nimeuza siri. Kazi yangu inaweza kuisha."

"Bon, andika jina langu. Nitakuja kusema mi mwenyewe mbele yake kwamba hukuniambia kitu."

Kimenyi akatoa fomu ya ripoti, akaandika. Katikati kalamu ikasimama.

"Hapa wanauliza, huyu mutu ni nani kwako. Nikikubali tuko pamoja, watanitoa kwa kesi. Mukaguzi mwingine atakuja, siku asiyoijua Mwiza."

"Donc hutarudi tena kwa Mwiza?" Macho yakamng'aa kabla hajajizuia.

Kimenyi alijaribu kununa, akashindwa. "Yewe, Pulché! Nijibu. Niandike rafiki?"

"Rafiki? Na marashi hii yote?"

"Basi niandike nini?"

Akamnyang'anya kalamu, akaandika mwenyewe kwa herufi kubwa: MCHUMBA.

Kimenyi akaisoma taratibu, kama mtu anayeogopa kuwa ameona vibaya. "Tia sahihi," akasema, "usije ukakana."

Akatia.