Gauni Lililotoka Kabla ya Shangazi Kuja

Jua la Ijumaa lilikuwa limeshagusa vilima vya upande wa Itumbe pale Nyanchoka alipochukua kopo lake akaenda kwa jirani yake Jacinta kutafuta maziwa. Alitembea haraka. Kwa Wasabato kama yeye, jua la Ijumaa likizama hakuna kununua wala kuuza mpaka lizame tena kesho yake.

Alipofika mbele ya duka la Dorkasi, miguu yake ilipunguza mwendo yenyewe.

Lilikuwa chumba cha mabati tu, kando ya kituo cha kupimia majani chai. Akina mama wa Dorkasi, wale wa kanisani wanaovisha maskini, walikuwa wamelifungua mwaka huo. Waumini walitoa nguo zao kuukuu, duka likaziuza, na faida ikalipa karo ya mayatima. Sweta nzima uliipata kwa bei ya chai na andazi. Watu walishukuru. Wauzaji mitumba wa sokoni hawakushukuru, na Nyanchoka alikuwa mmoja wao. Miaka mingi alikuwa akirauka kwenda Kisii, Daraja Mbili, kuchagua nguo balo la mitumba likifunguliwa. Sasa alishinda mezani akifukuza nzi.

"Tutakula nini sisi? Zaburi?" Onsongo, muuza viatu wa meza ya jirani, alimuuliza Nyanchoka kila asubuhi. "Mama Lynette, hilo ni kanisa lako. Waambie basi wafungue na bucha, tumalizike mara moja."

Siku nyingine aliinamisha kichwa na kunong'ona.

"Huyo Tryphosa anayesimamia duka, yule wa kutoka ziwani... amefukia kitu pale mlangoni. Mbona mtu hapiti bila kuingia?"

Nyanchoka alijua ni uongo. Alijua pia kwamba huku kwao neno kama hilo limewahi kuchoma nyumba za watu. Hata hivyo hakusema hapana. Aliendelea kukunja nguo zake.

Kilichokuwa kikimla hakikuwa bei ya sweta.

Tryphosa alikuwa na binti, Pam. Nyanchoka naye alikuwa na Lynette, mtoto wake wa pekee. Wasichana hao walikuwa wa rika moja na kwaya moja. Siku moja wakitoka mazoezini mvua iliwakuta njiani, mvua ile ile, wakiwa wamejifunika kipande kimoja cha nailoni. Wote wawili walishikwa na homa ya mapafu. Pam akapona. Lynette akazikwa kando ya nyumba, pale kwenye migomba.

Nyanchoka alimwomba Mungu ampe moyo wa kukubali. Mungu alimpa siku nzuri na siku mbaya. Lakini kila alipomwona Tryphosa akimrekebishia Pam ukosi mlangoni mwa kanisa, kitu kilimpanda kooni kama nyongo.

Nguo za Lynette zilikuwa zimefungwa kwenye shuka, juu ya kabati. Katika ukoo ule nguo za marehemu hazitoki nyumbani ovyo. Hungoja ndugu waketi, na shangazi wa marehemu ndiye hufungua fundo na kugawa. Shangazi alikuwa anaishi Nyamira mjini, na alikuwa ameahidi kuja Desemba. Kabla ya hapo, wazee walisema, nguo bado ina mwenyewe. Anayeivaa, mwenyewe humfuata.

Kanisa lilimfundisha Nyanchoka kwamba wafu wamelala, hawajui lolote. Aliamini. Lakini tangu mazishi, kila jioni taa ilipowashwa, kitanda cha Lynette kilikuwa kikilia katika chumba kitupu.

Kwii...

Kisha ilikuja harufu ya mafuta ya nazi, yale aliyopenda kupaka nywele. Kisha wimbo, mdogo sana, kwa sauti ya pili, kama alivyoimba kwayani.

Nyanchoka hakuogopa. Wala hakumwambia mchungaji. Alivuta kiti akaketi karibu na mlango wa kile chumba, akasikiliza. Hicho ndicho kilichokuwa kimebaki mikononi mwake.

Basi ilikuwaje akatoa nguo iliyokuwa bado na mwenyewe?

Ilikuwa Sabato ile kanisa lilipotangaza kwamba duka linahitaji nguo. Tryphosa alisimama mbele ya watu, Pam akimshikia gunia, na mama na binti wakacheka jambo lao wenyewe. Kicheko hicho tu. Jioni, Nyanchoka alifungua fundo kabla ya shangazi. Alitoa gauni moja la kijani kibichi, rangi ya majani chai machanga. Alikuwa amelichagua mwenyewe Daraja Mbili, akabadilisha kifungo cha chini kwa kifungo cheupe. Jumapili alilitia kwenye gunia la Dorkasi wakati hakuna aliyetazama.

Alijiambia ni sadaka. Moyo wake ulisema jambo jingine.

Nao waonje.

Sabato iliyofuata Pam aliingia kanisani akiwa amelivaa. Mama yake alikuwa amemnunulia. Nyanchoka aliona kifungo cheupe, akainamisha macho, akangoja mabaya yaanze.

Yalianzia kwake. Jioni ile kitanda hakikulia. Wala kesho yake. Nyumba ikawa nyumba tu.

Wiki tatu zilikuwa zimepita, na Ijumaa hii alisimama uani kwa Jacinta huku maziwa yakimiminwa.

"Mama Pam ana visa!" Jacinta alisema akicheka. "Ati binti yake siku hizi hataki samaki. Mjaluo akatae samaki, Nyanchoka! Si heri akatae maji?"

Nyanchoka hakucheka. Lynette hakuwahi kula samaki. Alikuwa akitoka nje samaki wakikaangwa tu.

"Halafu anakohoa," Jacinta akaendelea. "Kikohozi kikavu, kama kile cha..."

Alijikatiza. Maziwa yalifurika juu ya kopo.

Nyanchoka aliliacha kopo palepale.

Nyumba ya Tryphosa ilikuwa ng'ambo ya mashamba ya chai. Mumewe, Osewe, alikuwa zamu kiwandani. Mlango ulikuwa wazi nusu, na kabla Nyanchoka hajabisha, harufu ilimpiga usoni.

Mafuta ya nazi.

Tryphosa alikuwa ameketi kwenye kigoda akisuka nywele. Katikati ya magoti yake, sakafuni, aliketi Pam na gauni la kijani, ameupa mlango mgongo. Alikuwa akiimba polepole. Sauti ya pili. Pam alikuwa wa sauti ya kwanza, na kwaya nzima ilijua kwamba ya pili hawezi hata ukimshika mkono.

"Hodi," Nyanchoka alinong'ona.

Tryphosa hakushtuka. "Ingia, mama Lynette. Nilijua utakuja."

"Nataka lile gauni."

"Ulilileta wewe."

Nyanchoka alivuta kanga yake mabegani.

"Nilikitambua kile kifungo, ila nilichelewa," Tryphosa alisema, vidole vyake vikiendelea kusuka. "Hata kwetu nguo za marehemu zina wakati wake. Kule sokoni wanasema mimi ndiye mchawi. Wewe unasemaje, dada yangu?"

 Nyanchoka alitazama sakafu.

"Sikutukani. Sina nguvu za kukutukana. Halivui hata kulala. Nikimwita Pam, anachelewa kuitika, na kila siku anachelewa zaidi." Sauti yake ilianza kutetemeka. "Mwite wako. Mwite jina la nyumbani, mwende naye. Nakuomba kwa jina la Yesu."

Jina la nyumbani lilikuwa Nyanchama, jina la bibi yake. Kanisani hakuna aliyelitumia. Nyanchoka alilamba midomo iliyokauka.

"Nyanchama..."

Wimbo ukakatika.

Shingo iligeuka taratibu. Kichwa kikainama upande wa kushoto, kama Lynette alivyozoea kukiinamisha. Macho yalikuwa ya Pam. Aliyekuwa akitazama kupitia macho hayo hakuwa Pam.

"Mama," alisema, na sauti ilikuwa ya Lynette, yake kabisa. "Kule chini ya migomba ni baridi."

Nyanchoka alishika fremu ya mlango.

Msichana alitazama dirishani. Mwanga wa mwisho ulikuwa umeondoka juu ya majani chai.

"Sabato imeingia," alisema kwa upole. "Nguo hainunuliwi wala hairudishwi sasa."

Kisha akageuka, akalaza shavu lake gotini kwa Tryphosa.

Gotini kwa Tryphosa.

Hakuna mama kati ya wale wawili aliyethubutu kumgusa. Wote walikuwa wamelelewa kuiogopa Sabato kuliko giza. "Kesho," Tryphosa alisema huku machozi yakimtiririka. "Jua likizama, njoo umchukue."

Siku nzima ya Jumamosi Nyanchoka alikaa kanisani bila kusikia mahubiri. Aliomba sala moja. Nirudishie mwanangu. Hakumwambia Mungu amrudishe wapi.

Jua lilipozama alikuwa mlangoni. Pam alikuwa amelala kitandani, amefunikwa blanketi, na gauni lilikuwa limekunjwa kando ya mto. "Amelivua mwenyewe sasa hivi," Tryphosa alinong'ona. "Shika. Mwite kwa jina lake."

Nyanchoka alilichukua gauni. Lilikuwa na joto.

Macho yalimtazama kutoka kwenye mto. Midomo ilijongea bila sauti. Baridi, mama.

Nyanchoka alifungua kinywa. Aliona blanketi likipanda na kushuka kwa pumzi. Aliona mashavu yenye joto la damu. Akilitaja lile jina, pumzi hiyo ingerudi kuwa ya Pam, na mtoto wake angerudi kwenye migomba. Na Tryphosa angebaki na binti mzima.

Tena.

Nyongo ile ile ilimpanda kooni, chungu, ikalifunika jina.

"Mwanangu," alisema. "Twende nyumbani."

Jina hakulitaja.

Kitandani msichana alishusha pumzi ndefu, akafumba macho. Alitabasamu. Kitu chepesi kama shuka linaloanuliwa kilipita karibu na Nyanchoka, kikatangulia nje, kisha kikasita, kama mtu asiyeijua njia.

Kati ya mashamba ya chai Nyanchoka hakugeuka nyuma. Alisikia nyayo za miguu mitupu.

Tap... tap... tap...

Nyumbani aliwasha taa. Akaweka gauni kwenye kitanda cha Lynette, akatoka, akavuta kiti chake karibu na mlango. Akangoja.

Kwii...

Nyanchoka alilia kwa furaha. Kwa muda mfupi tu.

Harufu iliyotoka chumbani haikuwa ya mafuta ya nazi. Ilikuwa ya samaki wa kukaanga. Wimbo ukaanza, mwembamba, wa juu sana, kwa sauti ya kwanza. Ukakatika kati.

"Mama Lynette... mbona umenileta huku?"

Nyanchoka aliinuka kitini.

"Mama Lynette... mama yangu yuko wapi?"

Sasa miezi imepita. Pam amepona, kikohozi kimekwisha. Kwayani amehamia sauti ya pili, na mwalimu wa kwaya anasema ni karama iliyochelewa. Tryphosa alimshukuru Nyanchoka mbele ya akina mama wote, akamwomba awe msaidizi wake dukani. Nyanchoka alikubali. Onsongo alimsuta soko zima likisikia: "Umehamia kwa adui, mama Lynette! Haya, utuombee huko!"

Hajui kwamba Nyanchoka haendi pale kwa ajili ya nguo. Anakwenda kwa sababu jioni Pam hupitia dukani kumchukua mama yake. Nyanchoka husimama nyuma ya marundo ya sweta akimtazama Tryphosa akimrekebishia ukosi, akimfuta vumbi shavuni, akimwita mwanangu. Kila kidole cha Tryphosa humchoma. Na neno moja tu, lile jina la nyumbani, lingeuondoa mkono huo. Lakini neno hilo lingemrudisha mtoto udongoni.

Siku moja msichana alipita karibu naye. Kichwa kiliinama upande wa kushoto. Mkono wenye joto ulimgusa kiganja.

"Usiniite, mama," alinong'ona.

"Bado hataki samaki," Tryphosa alisema kutoka mlangoni. "Wanasema ugonjwa hubadilisha mtu." Alicheka. Macho yake hayakucheka. Yalikaa usoni mwa Nyanchoka muda mrefu, yakingoja kitu.

Desemba imekaribia. Shangazi ametuma salamu kutoka Nyamira kwamba anakuja kufungua fundo, na atataka kuona kila nguo.

Siku hizi, kila Ijumaa, Nyanchoka ambaye hakuwahi kupika samaki hupitia sokoni mapema na kununua mmoja. Humkaanga kabla jua halijazama. Humweka kwenye sahani, akaisukuma sahani ndani ya kile chumba bila kuingia, kisha akaketi kitini.

Kitanda hulia.

"Mama Lynette... mama yangu atakuja lini?"

"Baada ya Sabato, mwanangu," Nyanchoka hujibu. "Kula kwanza."