Mwizi Aliyeosha Miguu

Taji la dhahabu lilikuwa limeibwa, na mlinzi wa hekalu alikuwa ameshapigwa.

Inspekta alimkuta amekaa chini getini, damu mdomoni, buti miguuni. Waumini waliofika alfajiri kwa sikukuu ya kulitakasa hekalu hawakuwa wamewangoja polisi.

"Afande, sijaiba mimi."

"Umewahi kuingia ndani?"

"Mimi si wa dini yao. Naishia hapa getini."

Inspekta, ambaye wenzake walimwita Kobe kwa kuwa hakimbii lakini hufika, alivua viatu akaingia na koplo wake.

Kufuli lilikuwa zima. Sanamu ilikuwa haina taji, ila maua yaliyolipamba taji yalikuwa yamerudishwa kichwani, moja moja. Chini palikuwa na mapambo ya sikukuu yaliyochorwa kwa unga. Hayakukanyagwa. Pembeni tu, unga ulipomwagika, zilikuwapo nyayo mbili za mtu asiye na viatu. Miguu ilikuwa na maji. Unga ukagandamana kama uji uliokauka.

"Koplo, mwizi gani huosha miguu ndipo aibe?"

"Mwizi msafi, afande."

"Mwizi mcha Mungu. Tuanze na kuhani."

Kuhani mkuu, mzee wa mikono inayotetemeka, alikuwa amepakata sahani yenye mashada ya nyuzi.

"Za nini hizi, mzee?"

"Kila mwaka tunaivisha sanamu, zifute makosa yetu ya ibada. Sala tuliyoiruka, taa iliyozimika. Kwanza tunavua mapambo yote, tunayaosha mbele ya watu."

"Taji pia?"

"Taji pia."

"Nani huligusa?"

"Mimi na mwanangu. Basi."

Mwana, kuhani msaidizi, alihojiwa stoo.

"Nikupime miguu, au utasema?"

Mwana alirudisha miguu nyuma.

"Mimi sina haraka, kijana. Liko wapi?"

"Kwenye pipa la mchele."

Koplo alizamisha mkono, akalitoa. Lilikuwa limebonyea, lina ufa ubavuni.

"Nani kalivunja?"

"Baba. Lilimponyoka mwezi jana, nikauficha ufa kwa maua asiuone. Mikono yake unaiona. Leo watu wangeuona ufa, wangemvua ukuhani. Nikaona heri liibwe."

"Mlinzi akipigwa, ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ukafanya nini?"

"Nilikuwa nasali."

Inspekta alimtazama. "Ufa huu ungezibwa. Wewe umejenga ukuta."

Mzee alikuwa amesimama mlangoni, sahani ikigongagonga vidoleni mwake.

"Mwanangu, mimi nilijua limepasuka. Leo ningewaambia watu wote. Nyuzi hizi nilizisokota kwa ajili hiyo."

Mwana aliinama, akalia kama mtoto. Koplo akamfunga pingu, akamtoa nje peku. Viatu vyake havikukumbukwa na mtu.

Mlinzi alipoteza meno mawili, na sikio la kushoto halikusikia tena. Mzee aliivisha sanamu nyuzi, kisha akawakabidhi wazee wa hekalu funguo. Hakuwa na mwana wa kumrithi.

Ufa wa taji, sonara aliuziba asubuhi ileile.